Nyuzi Tisini na Moja

Wanafunzi wake wa mtaa wa Beu walimpachika jina la Madame Degré, yaani Bi Nyuzi, naye hakulikataa. Keren alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Beni, shule ya kuta za mbao na paa la mabati, ambako mvua ikianza mwalimu anaweka chaki chini na kungoja, kwa maana hakuna koo la mtu linaloshinda mabati. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, na mkono wake haukujua kutulia. Akipita penye ukuta uliopigwa na jua aliubandika kiganja. Akipewa mtoto wa jirani ampakate, alimgusa nyayo kwanza kabla ya kumtazama usoni.

Kila mwaka, somo la joto lilipofika, aliingia darasani na kikombe cha chai iliyotoka kuchemka na beseni kubwa la maji ya vuguvugu, akaviweka vyote mezani.

"Wapi kuko moto mingi?" aliuliza.

Darasa zima lilionyesha kikombe.

"Kikombe njo kiko na température ya juu," alisema. "Kitakuunguza mulomo. Lakini moto yenyewe, ile énergie, iko mingi mu beseni, juu maji ni mingi. Kikombe kitapoa mbele nimalize kusema. Beseni itapasha miguu yako mpaka usinzie."

Kisha aliandika ubaoni herufi tatu, C na F na K, akaeleza kwamba Selsiasi ni ya huku kwetu, Farenhaiti ni ya Wamarekani, na Kelvini ni ya wenye elimu, inayoanzia pale ambapo baridi imefika mwisho wake na haiwezi kushuka tena. "Ni mutu moja mwenye majina tatu," alisema. "Mukimuita na jina ingine, yeye hapana badilika." Wanafunzi waliandika, wakafaulu mtihani, wakasahau, kama wanafunzi wa popote.

Mume wake aliitwa Vagheni. Alikuwa na shamba la kakao upande wa Kamango, na kila aliporudi kutoka huko alileta harufu ya kakao iliyochacha katika nguo zake zote. Alipenda kumtania mkewe kwamba siku moja atapima hata bugali kabla ya kuumega. Walikuwa wamekaa katika ndoa bila mtoto kwa muda ambao majirani walishaanza kuulizana, na Keren alipopata mimba hatimaye, Vagheni alinunua redio mpya kwa furaha, kitu ambacho hakikuhusiana kabisa na mtoto, na wakaicheka ile redio pamoja.

Msimu wa kuvuna ulipofika, habari za barabara ya Kamango hazikuwa nzuri. Vagheni alisita. Alikaa mlangoni na viatu vyake vya mpira mkononi, akamuuliza mkewe aende ama aache. Kakao ilikuwa imeiva na isingengoja. Keren akasema, "Enda, lakini urudi mbio."

Hakurudi. Waliokimbia kutoka huko walisema wenye mapanga walifika shambani asubuhi, na kwamba waliokufa walizikwa palepale kandokando ya njia, harakaharaka, kila mtu akiangalia nyuma. Keren hakupewa mwili wala kaburi. Alipewa habari tu, akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, na tumbo lake limeanza kuonekana.

Baada ya hapo milio ya bunduki ikasogea karibu na mji, shule ikafunga milango, na Beu ikaanza kuhama kidogo kidogo, godoro hili leo, godoro lile kesho. Wazazi wa Keren walikuwa wamekwisha kufa. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja tu: wa mama mkwe wake, Florentine, huko Butembo, katika sehemu ya mji iitwayo komine ya Mususa.

Florentine alikuwa mjane mwenye mifupa mikubwa, kiongozi wa kina mama katika kanisa lake, mtu ambaye hata akiomba chumvi kwa jirani sauti yake ilitoka kama tangazo. Vagheni alikuwa mwanawe wa pekee aliyekuwa hai. Alimpokea Keren, akampa kitanda, akampa chakula, akamwekea maji ya kuoga. Lakini maneno hakumpa. Walikaa nyumba moja, Florentine akisema na kuku, akisema na jirani, akisema na Mungu, na akimpita Keren kama anavyopita nguzo ya nyumba. Mara moja tu, wakikamua pamoja shuka zito lililolowa, kila mmoja ameshika upande wake, alisema bila kuinua macho:

"Kama ungemukataza, angebakia."

Keren akaendelea kukamua. Neno hilohilo alikuwa amejiambia kila asubuhi tangu ile siku.

Butembo si Beni. Butembo iko juu milimani, na ukungu wa asubuhi unaingia mpaka ndani ya vikombe. Keren alivaa sweta mbili na bado vidole vyake vilikuwa baridi. Alikaa karibu na mbabula ya makala, lile jiko la makaa, mikono juu ya tumbo, akingoja siku zake, na siku zake zilikuwa bado mbali.

Uchungu ulimshika asubuhi moja akifagia. Alidhani ni mgongo. Alipoona maji yanamtiririka miguuni aliita, na hakuita Mungu wala mumewe, aliita, "Mama!" Florentine akatoka jikoni, akaona, akatupa kisu alichokuwa akimenyea ndizi. Kinyongo chote alichokuwa nacho hakikumzuia hata kidogo. Alimfunga Keren kikwembe kiunoni, akasimamisha pikipiki, akapanda nyuma yake na kumshikilia kwa mikono yote miwili mpaka kwenye kituo cha afya cha mtaa.

Muuguzi aliyekuwa zamu aliitwa Simone. Alikuwa mtu wa Kisangani, aliyetumwa kufanya kazi Butembo, bado kijana, na siku hiyo alikuwa peke yake. Alimpima Keren kwa mikono yake, akasikiliza tumbo upande huu, akasikiliza upande ule, akasikiliza tena.

"Biko bibili," alisema. "Mama, uko na batoto babili. Na banakuya mbele ya saa."

Akapiga simu hospitali kubwa waje na gari. Walipokuwa bado wanazungumza, mvua ya mawe ikaanza. Wale wanaojua mvua za Butembo wanajua jinsi mchana unavyoweza kugeuka jioni kwa dakika chache. Mawe yalipiga mabati mpaka Simone akawa anapiga kelele ndani ya simu, halafu simu ikakatika, halafu umeme ukakatika. Kituo kile kilikuwa na meza moja ya kulaza watoto wachanga, yenye taa kubwa ya kuwapasha joto. Taa ikazimika. Betri za jua zilikuwa zimechoka kwa ukungu wa siku zilizopita, zikatosha tu kuwasha balbu moja ndogo juu ya kitanda cha kuzalia. Habari zilikuja baadaye kwamba kilima kilikuwa kimeporomokea barabara na gari la hospitali lisingeweza kupita.

Msichana alitoka kwanza, akalia. Mvulana akamfuata, naye alikuwa mdogo zaidi, mwepesi kama kiatu kitupu, na kilio chake kilikuwa kama cha paka aliyefungiwa ndani. Simone aliwapangusa, akawavalisha kofia, akawafunga kila mmoja katika kikwembe, akawalaza juu ya ile meza chini ya taa iliyokufa, kwa sababu Keren alikuwa anamwaga damu na haikuwa inasimama. Hilo lazima lisemwe, kwa maana baadaye watu walisema mengi. Simone alikuwa na mikono miwili tu, na mikono hiyo ilikuwa inazuia mama asife.

"Mama," alimwambia Florentine, "mu ile kartoni kuko thermomètre. Mubapime chini ya mukono."

Kipimajoto kile kilikuwa kimekuja na msaada, pamoja na glovu na vitu vingine, bila karatasi yoyote ya Kifaransa. Florentine hakuona vizuri vitu vidogo, lakini tarakimu aliweza kuzisoma. Akamwekea mvulana, akangoja mlio, akakisogeza kwenye mwanga.

"Inasema nonante et un virgule quatre."

Simone alitikisa kichwa bila kugeuka. "Weka pembeni. Ile kitu imekufa. Jana ilisema miye niko na nonante-huit, tisini na nane, kama maji inaanza kuchemuka."

Kisha, aliponawa mikono katika maji ya tangi yaliyochanganyika na mvua ya mawe, alipita mezani na kumgusa mvulana kifuani. "Ako na moto," alisema. "Ako muzuri." Akarudi kwa Keren na pamba mpya.

Keren alisikia yote hayo. Alikuwa amelala chali, masikio yake yakivuma, na ile namba ilipita mbele yake kama mtu unayemfahamu anayepita upande wa pili wa barabara yenye vumbi. Tisini na moja nukta nne. Alijua kwamba anaijua. Alitaka kuiita irudi. Lakini usingizi ulikuwa mzito na mtamu kama asali, naye akafunga macho.

Alipoyafungua, mvua ilikuwa imepungua na Florentine alikuwa anasema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake:

"Madame Simone. Huyu hapana kulia tena."

Simone akakimbia. Akapuliza pumzi katika kinywa kile kidogo, akakandamiza kifua kwa vidole viwili, akapuliza tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, muda mrefu kupita tumaini lenyewe, huku Keren akiwa ameinua kichwa anatazama kiwiko cha muuguzi kikishuka na kupanda. Kisha kiwiko kikasimama.

Florentine alimchukua mvulana, akamfunika uso, akamshika vilevile kifuani kama mtu aliyesahau kushusha mzigo.

"Munipe ile thermomètre," alisema Keren.

Simone alidhani uchungu umempotosha akili. Lakini Keren alirudia, na mara ya tatu alirudia kwa ile sauti ya darasani, na Simone akampa. Keren akakileta karibu na macho. Kwenye pembe ya kioo, ndogo kama mguu wa mende, palikuwa na herufi aliyoiandika ubaoni kila mwaka wa maisha yake ya kazi. F.

Toa thelathini na mbili. Kinachobaki, gawa kwa moja nukta nane. Mwanafunzi wake wa mwisho darasani angeimaliza hesabu hiyo kabla ya kufuta kamasi.

"Trente-trois," alisema. "Thelathini na tatu."

"Nini, mama?"

"Haikukufa, hii kitu. Inasema mu Fahrenheit. Nonante-huit yako ni trente-sept, thelathini na saba, uko muzima. Mutoto alikuwa na trente-trois. Alikuwa anakufa na baridi, Madame Simone. Ilisema! Ilitwambia, na siye tukaiweka pembeni!"

Simone alitazama viganja vyake. "Lakini nilimugusa. Nilisikia moto."

"Mikono yako ilikuwa na baridi kumupita yeye."

Muuguzi akaketi sakafuni, palepale penye maji na damu, akafunika uso. Keren akaendelea kusema, na sasa hakuwa anamwambia mtu yeyote. "Na miye nilisikia. Mulisema namba, nikaisikia na masikio yangu. Miye mwalimu. Nikasikia, nikalala."

Pengine wangebaki hivyo, mmoja sakafuni na mwingine kitandani, kila mmoja akijizika katika kosa lake. Florentine hakuelewa Farenhaiti wala Selsiasi. Alielewa neno baridi tu. Akageuka kuitazama meza.

"Na huyu mwingine?" alisema. "Huyu bado anapumua. Na huyu?"

Walimpima. Tisini na tatu nukta mbili. "Trente-quatre, thelathini na nne," alisema Keren, na meno yake yakagongana. "Mumulete huku. Mumutoshe nguo yote, mumuache na kofia tu. Na miye munitoshe nguo."

Walimlaza mtoto uchi juu ya kifua chake, wakawafunika pamoja kwa vikwembe vyote vilivyokuwapo na sweta zake mbili juu. Ngozi ya mtoto ilikuwa kama ya samaki aliyetolewa mtoni. Keren alisikia joto likimtoka yeye na kuingia kule, na haikuwa habari ya kitabuni tena: kitu kidogo kinapoa haraka kwa sababu ngozi yake ni kubwa kuliko akiba yake, na huyu hakuwa na mafuta wala nyama, hakuwa na akiba yoyote. Kila pumzi ilikuwa inamchukulia kidogo alichonacho.

Florentine alirudi na chupa ya soda iliyojazwa maji yanayotokota, imefungwa kitambaa, akataka kuisukuma karibu na mgongo wa mtoto.

"Hapana, mama! Ile itamuchoma, kisha itapoa, tutabakia bila kitu."

"Maji ya moto haipashi mutu moto?"

"Iko moto ya kuunguza, lakini iko kidogo. Tunaomba maji mingi. Muchemushe inje, muchanganye na ya baridi mpaka mukono yako inaweza kukaa ndani. Mujaze bidon zote. Muzipange huku na huku ya kitanda, chini ya bulangeti."

Florentine alimtazama, akaona kwamba mtu huyu hasemi kwa homa, akatoka. Keren alimsikia uani akiwaita majirani kwa ile sauti yake ya matangazo, akiagiza makala, akiagiza masufuria, akimkataza mtu aliyetaka kuingiza mbabula chumbani, kwa maana moshi wa makala unaua kimyakimya. Bidoni za manjano, yaani madumu ya maji, zikaanza kuingia, nzito, za vuguvugu, wakazipanga kandokando ya kitanda kama ukuta. Simone alisimama, akapangusa uso kwa mkono wa blauzi, akashika kazi. Hakuomba radhi, wala Keren hakuitaka. Palikuwa na kipimajoto kati yao, na kila kilipolia Simone alisoma kwa sauti na Keren akageuza.

"Nonante-trois virgule neuf."

"Bado. Ni trente-quatre na nusu hivi."

"Nonante-quatre virgule un."

"Bado. Mubadilishe ile bidon ya miguu."

Usiku ulipita hivyo, na kule pembeni mvulana alikuwa amelala katika beseni, amefunikwa kitambaa cheupe, na kila aliyepita alipita polepole.

Kulipokucha, kipimajoto kilisema tisini na saba na ushei. Simone aligeuza mwenyewe, akahesabu kwa vidole, akapata thelathini na sita, akasema, "Trente-six! Mama, trente-six!" na kwa mara ya kwanza mtoto alinyonya tone la maziwa kutoka kwenye ncha ya kijiko. Florentine akaanza kuimba wimbo wa kanisani, akakatisha mstari wa pili, kwa sababu macho yake yalikuwa yamekwenda kule kwenye beseni.

Lakini asubuhi ilipopanda kidogo, mtoto akafika mia moja nukta nne. Simone alicheka kwa furaha kabla ya kugeuza hesabu, halafu kicheko kikamkauka. Thelathini na nane. Keren alikuwa anatetemeka chini ya vikwembe, midomo imekauka, macho yanang'aa vibaya.

"Si yeye," alisema Keren. "Ni miye."

Walimpima. Mia moja na mbili nukta mbili. Hakuhitaji kuambiwa, alijua ni thelathini na tisa, alijua pia mama aliyezaa jana akifika hapo maana yake ni nini. Simone alianza kuandaa sindano, akasema bila kuzunguka:

"Lazima tumutoshe kwako. Utamuchoma. Na weye lazima utunzwe, la sivyo mutoto atabakia bila mama."

"Hapana."

"Mama Keren..."

"Hapana, nasema! Baba yake nilimuachilia aende, hakurudi. Ndugu yake nilimuachilia ku meza, akakufa. Huyu simuachilie. Mukimutia ku meza atapoa. Mutasema ako muzuri, na atapoa!"

Alimshika kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo, na mtoto akaanza kulia kilio chembamba. Simone alisimama na sindano mkononi, hajui aanzie wapi. Umeme ulikuwa bado haujarudi. Barabara ilikuwa bado imefungwa.

Florentine alikuwa amesimama kwenye ukuta. Akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake. Alifungua taratibu, kwa aibu ya mwanamke mzee ambaye hajaonwa kifua na mtu tangu mume wake afe, akaivua, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Akaketi kando ya kitanda.

"Umupe miye," alisema.

Keren alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wale wawili kutazamana machoni.

"Lakini miye niko muzee," Florentine akaongeza. "Sijue kama ngozi ya muzee iko na moto ya kutosha."

"Iko nayo, mama," Keren alijibu, maneno yakikatika katika meno yanayogongana. "Mutu wote akiwa muzima iko na moto moja. Muzee, kijana, wote. Trente-sept."

"Hata miye?"

"Hata weye."

Akalegeza mikono. Florentine akamchukua msichana, akamlaza kati ya maziwa yake yaliyokauka, akajifunga kikwembe juu yao wote wawili, akaegemea bidoni. Machozi yalimtoka bila kelele. "Nyamuhanga wangu," alisema kwa Mungu wake, kwa Kinande, na hakuendelea. Hakumwomba Keren msamaha, siku hiyo wala baadaye. Keren alizama katika homa akiwa anawatazama, mkono wake umeshika pindo la kikwembe kile mpaka vidole vilipoachia vyenyewe.

Homa ilimzungusha kwa siku kadhaa. Kulikuwa na saa ambazo Simone alidhani amempoteza yeye pia. Barabara ilipofunguliwa walimpeleka hospitali kubwa, na Florentine alipanda gari hilohilo, mtoto kifuani, akamkatalia kabisa daktari aliyetaka kumtia mtoto katika mashine ya joto, mpaka daktari alipokubali kwamba alivyo anakaa vizuri. Wanaume wa kanisa walimzika mvulana. Walimwita Mumbere, kama wanavyoitwa wavulana wa kwanza. Mama yake hakuwapo, kwa kuwa alikuwa hajitambui, na bibi yake hakuwapo, kwa kuwa kumzika mmoja kungemfanya amfunue mwingine kwenye baridi.

Msichana alipewa jina la Shalom. Aliishi. Alichukua muda mrefu kuwa mnene, akawa na kikohozi kila ukungu ulipokuwa mzito, lakini aliishi. Simone alikuwa akija kumwona siku za Jumapili, na kila mara alikuwa anapata kitu cha kushika mikononi, nguo ya kukunja, sahani ya kupangusa, ili asimshike mtoto. Keren hakumlazimisha. Watu wa mtaa walipomsema Simone, Keren alikuwa anasema tu, "Miye pia nilikuwa pale," na maneno yanaisha.

Mama mkwe na mkwewe walianza kuongea, ingawa si mengi. Waliongea habari za mtoto, za maziwa, za nepi ambazo hazikauki. Habari ya kakao haikuguswa. Kuna usiku Shalom hakulala ila juu ya kifua cha bibi yake, na Keren akiwa upande wa pili wa ukuta alisikia pumzi zao wawili, akashukuru, na ndani ya shukrani hiyo kitu kilikuwa kinamtafuna, kwa sababu pumzi zilipaswa kuwa tatu.

Shalom alipoanza kushikilia shingo yake, Keren aliomba apelekwe kwenye kaburi. Walipanda kilima asubuhi yenye jua, Florentine mbele na mwavuli, Keren nyuma na mtoto mgongoni. Wanaume wa kanisa walikuwa wamemweleza Florentine mahali: chini ya uzio wa mikaratusi, karibu na jiwe. Lakini mvua zilikuwa zimeshuka na kilima. Vijiti vilivyokuwa alama vilikuwa vimelala, makaburi madogo yalikuwa mengi, majani yameyafunika yote kwa urefu mmoja, na mawe yalikuwa kila mahali.

"Ni hapa," alisema Florentine. Alipiga hatua. "Ao hapa." Akarudi nyuma, akainamisha mwavuli, akachungulia majani. "Basi, walisema jiwe. Walisema jiwe, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Keren alitafuta na mguu, akatafuta na mkono, akapiga magoti mahali pamoja, akainuka, akapiga magoti mahali pengine. Aliinuka tena bila kujua amelia juu ya kaburi la mtoto wa nani. Mgongoni Shalom akaanza kulia kwa njaa, kilio kikubwa sasa, cha mtoto mwenye mapafu. Florentine alitandaza kikwembe katikati ya majani. Keren akaketi, akamtoa mtoto mgongoni, akampa titi, na bibi akasimama juu yao na mwavuli kuwazuilia upepo.